Kuku ndogo za soko zinapigwa na zile kubwa: jibu kwa mama wa Ndosho

Mama mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia hivi: "Dokta, niko na kuku 7 na jogoo 1, ziko mu parseli yangu tangu mwaka jana na zinataga muzuri. Juzi nimeenda soko Virunga nikanunua zingine ndogo 5, ya miezi 2 hivi. Magaribi nikazitia mu kibanda na zile kubwa. Asubui nakuta moja imetobolewa kichwa, zile 4 zimejificha nyuma ya bido, hata kukula hazikule. Jirani ananiambia nizipake zote mafuta ya taa juu zinuke sawasawa. Nifanye je?"

Mama, pole sana. Kwanza utoe hizo 5 zote humo ndani leo, siyo kesho, na zaidi ile yenye damu. Kuku ikiona kitu chekundu juu ya kichwa ya ingine haiwezi kuacha, hata ile yako mpole yenye watoto wanabeba mu mikono itakuja kudonoa, zitadonoa mpaka zinaua. Osha kidonda na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, weka Betadine, na uiweke mu kartoni kubwa ao mu basani yenye majani makavu pamoja na moja ya zile ndogo zingine, lakini yenye haidonoi kile kidonda. Usiifungie peke yake kabisa. Kuku ikikaa peke siku 5, siku ya kurudi wenzake wanaiona sawa mugeni na vita inaanza upya.

Mafuta ya taa, hapana! Kuku haijui mwenzake kwa harufu. Inamujua kwa uso, kwa upanga ya kichwa na namna anasimama. Ukiipaka hayo mafuta itachoma ngozi, kisha itajisafisha manyoya na mdomo, itayameza. Hayo mafuta uyaweke mu taa siku courant inakatika, na wewe unajua kama zile siku ni nyingi.

Sasa tuongee.

Watu wengi wananiuliza "nifanye je juu zisipigane" na mimi najibu kama zitapigana tu. Hakuna dawa ya ile. Kule Norvege kulikuwa mtu moja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuangalia kuku za kwao akiwa mtoto, akawa anaandika nani anadonoa nani, na mu miaka ya 1920 akatoa masomo yake yenye kuonyesha kama kila kundi ya kuku iko na mukubwa, na mudogo wake, na mudogo wa mudogo, mpaka yule wa mwisho mwenye kudonolewa na wote. Kama vile mu nyumba ya bibi harusi mupya na mawifi, ile mwezi ya kwanza. Kuku zako 8 zilishamaliza kugawanya vyeo zamani, kila moja inajua nani anakunywa maji wa kwanza na nani analala juu ya muti gani. Ukitia 5 mupya, hesabu yote inaharibika, lazima waanze tena. Kudonoa mara moja mu kichwa, kukimbizana, kusimamisha manyoya ya shingo, ile yote ni kusalimiana kwao.

Kile kinaua kuku mupya haiko ile. Ni vitu 2: ugonjwa wenye inatoka nao soko, na njaa. Njaa! Kuku ndogo yenye kukimbizwa kila mara inapokaribia chakula itakaa mu kona siku 3, 4, itakonda, na wewe utasema "walimuua" wakati hawakumugusa sana, alikufa na njaa na kiu. Kwa hiyo kila fasi nitakwambia kitu hapa chini, uelewe kama naulizia jambo moja tu: ile ndogo inakula na inakunywa?

Tuanze na ugonjwa, juu hapo njo niliumia mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshamaliza masomo, najiona dokta kweli, nikanunua majike 4 muzuri kabisa kwa mtu alikuwa anayaleta na moto (pikipiki) kutoka kule juu, yamefungwa miguu yananing'inia kichwa chini sawa kawaida yetu. Nikayaingiza mu kibanda siku ileile juu nilikuwa na haraka, nilikuwa na safari. Haikupita hata wiki, moja ikaanza kupinda shingo, kinyesi ya kijani, kisha ingine, kisha zangu za zamani. Nilikuwa na kuku 23, nikabaki na 2. Bibi yangu mpaka leo akitaka kunikata maneno ananiuliza tu "na zile 23?" basi nanyamaza.

Ile ilikuwa Newcastle, yenye ndugu zetu wa Tanzania wanaita mdondo ao kideri. Ubaya yake ni kwamba kuku inaweza kuwa nayo na wewe unaiona nzima. Kutoka siku imeipata mpaka siku inaonyesha dalili inapita siku 2 mpaka 15, mara nyingi 5 ao 6. Soko Virunga, soko gani ile ingine, kuku zinatoka Masisi, Rutshuru, kila upande, zinapangwa mu kitunga kimoja, hata kama yako ilikuwa nzima asubui, saa sita haijulikani tena.

Njo maana kuku mupya inatengwa wiki 3 mpaka 4. Najua utaniambia dokta, parseli yangu ni kidogo, jirani yuko hapa na ukuta wa mawe uko hapa, nitaitenga wapi. Sikia, hata upande ingine ya nyumba, hata nyuma ya choo, hata kwa dada yako kama hana kuku. Jambo la maana ni maji, chakula na miguu yako. Chombo ya maji ya hizi isiende kule. Kila asubui unalisha kubwa kwanza, kisha njo unaenda kwa mupya, siyo kinyume, na unavaa sandali zingine, unanawa na sabuni. Kwako zimeshalala pamoja usiku moja, kwa hiyo hatari imeshaingia kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini usiku moja haiko sawa na wiki, na kuzitenga sasa bado kunasaidia. Angalia pande zote 2, hata zile za zamani: ikikohoa ao inafungua mdomo kupumua, ikiacha mabawa kuanguka, kinyesi ya kijani, shingo kupinda. Ukiona ile usiuze hata moja na usipeleke kwa mtu, ita veterinere.

Na chanjo. Iko ile inaitwa I-2, ilitengenezwa Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji yenye friji ni shida, inavumilia joto kuliko zile zingine ingawa haimaanishi uiache juani. Tone moja mu jicho moja, kila kuku, kubwa na ndogo, kisha unarudilia kila miezi 3 ao 4. Uulize veterinere wa karitye yako gani anayo, kama iko I-2 ao ile chanjo ingine inaitwa La Sota, na akupe namna ya kuitumia ya ile yenye umepata. Chupa moja inakuwa ya kuku mingi na ukishaifungua inatumika siku ileile, kwa hiyo mnajiunga na majirani 4, 5 mnagawana bei, wote mnachanja asubui moja. Hii ni bora kuliko wewe peke yako uchanje na kuku ya jirani inaruka ukuta inaleta ugonjwa. Chanja zenye ziko nzima tu, na hesabu wiki 2 mbele ya kusema sasa ziko na kinga.

Fasi ya kutengea, neno moja kwa sisi wa Goma. Usiziweke mu shimo, wala mu ile mabonde kati ya mawe ya lava yenye watu wanafikiri ni muzuri juu upepo haufiki. Mazuku unaijua, ile gazi ya kuua yenye inatoka mu udongo wa volkano. Ile gazi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na kuku ndogo pua yake iko sentimita 15 juu ya udongo, itakufa kabla wewe haujasikia chochote. Weka fasi ya juu yenye hewa inapita, na usiku ufunike upande ya upepo na gunia juu huku usiku ni baridi.

Mu zile wiki za kutenga uzikamate moja moja, magaribi zikitulia. Angalia chini ya bawa na karibu na fasi ya kutolea mayai kama iko chawa. Angalia miguu kama magamba yamesimama, ile ni wadudu, unapaka mafuta ya kula ao vazeline siku nyingi mfululizo. Wape sanduku yenye mchanga mweusi mukavu na majivu ya mbabula, zitajiogesha zenyewe, hapo sisi tuna bahati, volkano imetupa mchanga bure.

Ugonjwa mwingine unatembea upande ingine, kutoka kwa kubwa kwenda kwa ndogo: koksidiozi. Kuku zako za zamani zimeshazoea, zinabeba bila kuugua, lakini hizi za miezi 2 zikiingia mu kibanda yenye kinyesi ya zamani na maji ya mvua yameingia, tumbo zao zinapigwa, kinyesi inakuwa na damu, zinajikunja, manyoya yamesimama. Kwa hiyo kabla ya kuziunganisha utoe takataka yote ya chini, uweke makavu mapya, na uangalie ile bati yenye inavuja. Dawa iko, amprolium ya kuweka mu maji, kipimo ni kile kimeandikwa juu ya pakiti yako.

Haya, wiki 4 zimepita, hakuna mugonjwa. Na uone vile muda unakusaidia: zile za miezi 2 sasa ziko na miezi 3, zimekuwa na mwili. Mimi sipendi kuunganisha chini ya wiki 12, na ikiwezekana nangoja wiki 14, 16, juu ukubwa njo silaha. Kuku yenye nusu ya mwili wa mwenzake haina kitu ya kujibu.

Sasa chukua grilaje, ugawe kibanda ao uwanja, hizi upande huu na zile upande ule. Zionane, zisishikane. Wiki moja ni kidogo, wiki 2 ni muzuri. Na chombo ya chakula uiweke karibu na grilaje pande zote 2, ili zikule zikiangaliana uso kwa uso, polepole kila moja inazoea kama hata ile nyingine ikiwa karibu, chakula bado kipo. Siku za kwanza kubwa zitakuja kupiga grilaje na mdomo. Siku zitaacha kuja kabisa, zinapita tu sawa haziwaoni, hapo unajua imeiva. Watu wengi wanaruka hii hatua juu wanaona ni kupoteza muda, halafu njo wanakuja kuniomba dawa ya kidonda.

Kisha toboa mlango kidogo mu grilaje ao mu mbao, sentimita 12 hivi kila upande. Ndogo inapita, kubwa inakwama. Hii kitu naipenda kuliko zote! Ndogo zinatoka zenyewe siku zinasikia nguvu, zikikimbizwa zinarudi kwao, na chakula yao na maji yao iko kule ndani fasi hakuna mtu anaweza kuwafuata. Unaona, lile swali la kukula na kunywa limekwisha. Acha hivyo mpaka mwili yao inaanza kukwama, na kwa kuku ya kienyeji ile inachukua wiki kadhaa.

Kuhusu chakula yenyewe, hapa watu wanakosea na wanaonekana hawana kosa. Provande ya kuku za mayai iko na kalsiyumu karibu 4 kwa 100, juu ya ganda ya yai. Kuku yenye haijaanza kutaga inahitaji karibu 1 tu, ile ingine yote inapita mu figo, siku nyingi inaziharibu. Kwa hiyo zikishakula pamoja, wape wote provande ya kukuza, na kwa zile za kutaga weka chombo ingine ya maganda ya mayai. Maganda unayakausha juu ya mbabula, unayasaga kabisa yasifanane tena na yai, juu kuku ikijua kama yai inakuliwa hautapata mayai tena mu ile nyumba. Zile zenye hazitagi haziendi pale sana, zinajua zenyewe. Unga ya sambaza kidogo inasaidia wote.

Siku ya kufungua mlango wote, fanya asubui uko nyumbani, siyo Jumapili ya misa. Na fungua nje, mu uwanja, siyo ndani ya kibanda fasi mwenye kupigwa hana pa kukimbilia. Weka vizuizi: kipande ya mbao imeegemea ukuta, kitunga imepinduliwa, matawi, bido tupu. Kuku yenye imepigwa ikizunguka nyuma ya kitu na yenye kupiga haiioni tena, mara nyingi inasahau. Lakini kila kizuizi kiwe na milango 2, maana kona yenye mlango moja ni mutego. Funga lengalenga nyingi na kamba, uining'inize juu kidogo ya vichwa vyao, zitashughulika na ile kuruka kuliko kudonoana. Sombe mbichi usiwape. Weka maji fasi 2 ao 3, najua maji tunanunua kwa bido na ziwa iko pale tunaiona, lakini fasi moja tu ya maji njo mukubwa wa kundi anaikalia.

Jogoo yako usiiogope sana. Mara nyingi jogoo ya akili inaingia kati majike yakipigana. Majike njo makali, na kawaida si yule wa juu kabisa mwenye kusumbua, ni yule wa cheo ya chini chini, mwenye kuogopa kushuka zaidi. Ukiona moja tu njo inafanya fujo, inafuata ileile ndogo mpaka kona, inapanda juu yake inang'oa manyoya, usitoe yule anapigwa, toa yule anapiga. Mufungie fasi ingine siku 3 ao 4 asiwaone wenzake. Akirudi atakuta vyeo vimegawanywa bila yeye, atakuwa kama mugeni, atatulia. Nimeifanya mara mingi, na mara moja tu ilikataa, ile kuku tukaikula na ndizi.

Kuhusu ile ya kuingiza usiku, wewe ulifanya vile na haukukosea kabisa. Kuku haioni mu giza, mugeni ukimuweka juu ya muti wa kulalia hakuna mwenye atamufukuza. Shida ni kwamba saa 12 asubui mwanga unaingia na wote wanaamuka mu kibanda imefungwa. Ukifanya usiku, fanya kisha ya grilaje, siyo pahali pa grilaje, na saa 12 kasoro uwe pale unafungua mlango. Muti wa kulalia kila kuku inataka sentimita 20 ao 25, na miti yote iwe urefu moja, juu ikipishana zote zitapigania ile ya juu. Chini ya miti uondoe mawe ya lava uweke pumba ya mbao. Kuku ikiruka kila asubui juu ya jiwe kali mguu unakatika chini, unaingia uchafu, unavimba donge ngumu. Hapa Goma naona ile miguu kuliko nilivyoiona Bukavu.

Na nafasi, mama. Ziko 8 na 5, ni 13. Kuku 4 kwa metre moja ya mraba ndani ya kibanda njo mwisho, kwa hiyo unahitaji zaidi ya metre 3 za mraba, na nje zaidi ya pale. Kama kibanda yako iko ile ya manjanja yenye naiona kwa watu, metre moja na nusu, basi hata ufanye yote niliyosema zitapigana kila siku mpaka Noeli. Ama unaongeza ama unauza. Isitoshe, katika hizo 5 kuna zenye zitakuwa majogoo, soko hawakukuambia, na jogoo moja inatosha majike 8 mpaka 10. Zikianza kuwika, kama miezi 4 ao 5, chagua yenye itabaki na zingine ziende mu sufuria, kabla jogoo mukubwa hajaamua yeye.

Mayai yatapungua siku chache zikishaunganishwa, usishituke, usiongeze dawa. Kama wiki 2 zinapita bado hazitagi, hapo tena niandikie.

Kwa sasa: zile 5 zitoke leo, kidonda kioshwe, maji yawe karibu nazo kabisa, hata kama zimejificha weka chombo mbele ya mdomo. Kesho asubui angalia kinyesi yao iko rangi gani na unitumie jibu, pamoja na urefu na upana wa kibanda yako.